Vijiji vya Alsace: zunguka ukuta kwanza, ndipo uingie langoni

Msomaji wa Dodoma ameandika: “Mwishoni mwa Septemba nitakuwa Strasbourg, Ufaransa, kwa mkutano wa kazi, na mume wangu atanifuata. Mkutano ukiisha tuna siku tatu. Nimeona picha za vijiji vya mvinyo vya Alsace vyenye kuta na malango ya kale, lakini kwa picha naviona vyote sawa: maua, mbao, mawe. Hatutaki kukodi gari. Mume wangu hanywi pombe. Mimi nina ekari mbili za zabibu Hombolo, kwa hiyo ningependa kuona wenzetu wanalimaje, na ikiwezekana nirudi na pingili chache za kupanda. Twende kipi, tuache kipi?”

Dada, nianze na hilo la kwamba vyote ni sawa, maana ndilo linalowapotezea wageni siku zao. Mgeni anashushwa na basi mbele ya lango, anaingia, anapita barabara kuu moja, anapiga picha ya maua ya dirishani, ananunua biskuti, anatoka. Akifanya hivyo mara nne kwa siku, jioni hawezi kukwambia kipi kilikuwa kipi. Wala si kosa lake. Kwa ndani vijiji hivi vimepambwa na mkono mmoja, mkono wa utalii. Vinakotofautiana ni ukutani. Kwa hiyo kila ninayemwongoza huku namtaka azunguke kijiji kwa nje kwanza, taratibu, ndipo aingie.

Kuta zenyewe hazikujengwa na Wafaransa. Zilipoanza kuinuliwa, nyingi katika karne ya 13 na ya 14, Alsace ilikuwa sehemu ya Dola Takatifu ya Kirumi, na dola hilo lilikuwa limekatwakatwa vipande. Kijiji hiki ni cha askofu, kile ni cha bwana fulani, cha tatu hakina bwana ila kaizari mwenyewe. Kutoka kimoja hadi kingine huenda ni nusu saa kwa miguu, lakini ulikuwa umevuka mpaka: sheria nyingine, ushuru mwingine, na baadaye hata dhehebu lingine. Ndani ya kila kijiji kulikuwa na mali ya kuibwa, yaani mvinyo, uliopelekwa kwa mashua kaskazini kwa mto Rhine. Adui akija, ng’ombe utamswaga mlimani. Pipa la lita elfu utalifanyaje? Basi wakajenga ukuta kulizunguka pipa.

Na kwa nini mvinyo uwe hapa? Wewe wa Dodoma utaelewa upesi kuliko mgeni wa pwani. Upande wa magharibi kuna milima ya Vosges. Mawingu yanayotoka Bahari ya Atlantiki huimwagia milima hiyo mvua yao, na yakifika upande huu yamebaki matupu. Mji wa Colmar, ulio katikati ya mizabibu, ni miongoni mwa miji yenye mvua haba kabisa Ufaransa.

Njia rasmi ya mvinyo ya Alsace ilizinduliwa mwaka 1953, ina urefu wa kilomita 170 hivi, kutoka Marlenheim hadi Thann. Usijaribu kuimaliza. Kwa siku tatu bila gari, shika kipande cha kuzunguka Colmar tu. Treni kutoka Strasbourg ni kama nusu saa. Masanduku makubwa yaacheni hotelini Strasbourg, mje na mabegi ya mgongoni, kwa sababu barabara za vijijini ni za mawe na magurudumu ya sanduku huvunjikia hapo. Mabasi ya vijijini yapo, ila ni machache, na Jumapili ni machache zaidi. Hakikisheni ratiba siku moja kabla. Baiskeli za umeme hukodishwa Colmar, na mahali ambapo basi halipo, teksi ya kilomita kumi haitawafilisi mkiwa wawili.

Siku ya kwanza asubuhi nendeni Eguisheim, kilomita chache tu kusini mwa Colmar. Hapo ndipo utaona maana ya kuanzia ukutani. Kijiji kimejengwa kwa duara: katikati ngome ndogo, halafu nyumba zinaizunguka pete baada ya pete. Fuata njia ya pete ya nje, Rue du Rempart, usiingie katikati kwanza. Nyumba za upande wa nje zimeegemea ukuta wa kale. Mgongo wa nyumba ndio ukuta wenyewe. Ukitembea unaona mbele yako hatua thelathini tu, kisha njia inapinda, na baada ya robo saa umerudi ulipoanzia bila kugeuka.

Zitazame pia nyumba zenyewe kwa jicho la nyumbani. Wageni wa Ulaya hushangaa wakiambiwa kwamba katikati ya zile mbao si matofali. Wewe hutashangaa. Ni fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Rangi imekuja juu yake. Mtu aliyekulia nyumba ya fito na udongo ana haki ya kutabasamu akiona watu wanapanga foleni kuipiga picha.

Ngome ya katikati inahusishwa na ukoo uliomzaa Bruno, aliyekuwa Papa Leo wa Tisa kuanzia 1049 hadi 1054, na sanamu yake iko kwenye chemchemi ya uwanja. Juu ya mlima utaona minara mitatu iliyobaki ya ngome za kale. Kupanda huko kunakula nusu siku; kama magoti ya mume wako ni kama yangu, itazameni kutoka chini.

Jioni laleni Turckheim. Watu wengi hukiruka kijiji hiki kwa sababu hakipambwi sana, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake. Treni ndogo kutoka Colmar inasimama karibu na lango, lile liitwalo Lango la Ufaransa, ambalo juu yake korongo wamejenga kiota. Malango yote matatu ya kale bado yamesimama. Kuanzia Mei hadi Oktoba, saa nne usiku, hutoka mlinzi wa usiku: joho jeusi, kofia ya pembe tatu, taa mkononi na mkuki wenye shoka. Anapita mitaani akiimba kwa Kialsace, akiwakumbusha watu wachunge moto na mishumaa. Ni maonyesho, ndiyo, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kweli. Kwenye kijiji cha mbao na majani makavu, mwali mmoja ulikuwa hatari kuliko jeshi.

Kumbuka pia kwamba korongo hao ni wasafiri. Wa Alsace hushuka kupitia Gibraltar kwenda Afrika Magharibi. Wale wanaoonekana Serengeti wanatoka Ulaya ya mashariki, kwa njia ya Bosphorus na bonde la Nile. Miaka ya 1970 huku walikuwa karibu kwisha kabisa, wakabaki jozi chache za kuhesabu kwa vidole, mpaka kituo cha kuwazalisha kikafunguliwa Hunawihr mwaka 1976. Sasa wako kila paa. Mkiwakuta bado mwishoni mwa Septemba, wengi wao ni wale waliozoea kulishwa wakaacha kusafiri.

Siku ya pili ni Kaysersberg, kwa basi kutoka Colmar. Jina lake maana yake ni mlima wa kaizari, na hilo linaeleza kila kitu: ngome ya juu ilijengwa karne ya 13, enzi ya Kaizari Frederick wa Pili, ili kuufunga mlango wa bonde linalovuka milima ya Vosges. Ukuta huu haukuwa wa kulinda mapipa peke yake, ulilinda njia. Pandeni hadi kwenye mnara wa duara, dakika kumi na tano hivi, mtaona bonde lilivyobanwa. Kisha shukeni mtafute daraja la mawe la mwaka 1514. Kingo zake zina matundu ya kufyatulia risasi, na katikati kuna kijumba cha ibada. Sijaona mahali pengine Alsace ambapo hofu na sala vimewekwa pamoja namna hiyo.

Hapa ndipo alipozaliwa Albert Schweitzer, tarehe 14 Januari 1875, yule daktari aliyekwenda kufungua hospitali Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, na akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952. Familia yake ilihamia Gunsbach angali mchanga. Alizaliwa raia wa Ujerumani, maana Alsace ilikuwa chini ya Ujerumani tangu 1871 hadi 1918. Wakati huo huo Wajerumani hao hao walikuwa Tanganyika. Mkiwa kwenye barabara kati ya Colmar na Sélestat mtaona ngome kubwa nyekundu kileleni, Haut-Koenigsbourg. Kaizari Wilhelm wa Pili aliijenga upya kutoka magofu kati ya 1900 na 1908. Katikati ya miaka hiyo, kuanzia 1905 hadi 1907, serikali yake ilikuwa ikiizima Maji Maji kwa bunduki na njaa. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliwanyang’anya yote mawili, Alsace na koloni la Afrika Mashariki. Huwa silitaji jambo hili kwa kila mgeni, lakini kwa Mtanzania ni aibu kulipita kimya. Ngome yenyewe iacheni safari hii. Bila gari inawalia siku nzima.

Kutoka Kaysersberg tembeeni kwa miguu hadi Kientzheim, kilomita mbili tambarare kati ya mizabibu. Watalii wa mabasi hawafiki hapo. Ukuta upo, ngome ipo, na juu ya lango la chini kuna uso wa kuchongwa unaotoa ulimi nje. Ulikuwa wa kumkejeli adui anayekuja kushambulia. Ngome hiyo ilikuwa ya jemadari Lazarus von Schwendi, ambaye hadithi inasema alirudi kutoka vita vya Hungaria na miche ya zabibu ya Tokaj. Wataalamu hawaiamini, lakini mvinyo wa hapa wa Pinot Gris uliendelea kuitwa Tokay mpaka Umoja wa Ulaya ukalipiga marufuku jina hilo, na lebo za mwisho zikaondoka mwaka 2007.

Mkiwa na nguvu, endeleeni hadi Sigolsheim. Mtashangaa: nyumba ni za juzi tu. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, Wajerumani walishikilia eneo la Colmar hadi tarehe 9 Februari 1945, na Sigolsheim, Bennwihr, Mittelwihr na Ammerschwihr vikasagwa. Ammerschwihr ulikuwa mji wa ukuta mzuri kama Riquewihr. Leo imebaki minara michache katikati ya nyumba mpya. Juu ya kilima cha Sigolsheim, ndani ya mizabibu, kuna makaburi zaidi ya 1,500 ya askari wa jeshi la Ufaransa. Nendeni mkasome majina. Mengi ni ya Waislamu wa Afrika Kaskazini, na makaburi yao yana umbo lake. Kila nikisikia mgeni anasema vijiji hivi “havijaguswa na wakati”, nakumbuka kilima kile. Vilivyobaki vilibaki kwa bahati ya kilomita tatu.

Usiku wa pili laleni Riquewihr. Nasema kulala, si kupita. Mchana ni kama soko la mnada, huwezi kuinua kichwa bila kugongwa na mtu. Saa kumi na mbili jioni mabasi yanaondoka, na saa moja asubuhi kijiji ni chenu. Wakati huo tokeni kwa lango la juu, muende kuutazama mnara wa Dolder, wa mwaka 1291, wenye urefu wa mita 25 hivi. Kwa nje ni jiwe tupu, mkavu, hauna uso. Ingia ndani ugeuke: ni nyumba ya mbao yenye ghorofa na madirisha, kwa sababu mlinzi alikuwa akiishi humo na familia yake. Upande mmoja unamwambia adui arudi, upande wa pili unawaambia wenyeji kuna mtu yuko macho. Mbele yake kuna ukuta wa pili wa karibu mwaka 1500. Mizinga ilikuwa imeingia, ukuta mmoja hautoshi. Kwenye lango hilo la nje bado uko ule wavu mzito wa kushushwa kumzuia adui.

Riquewihr uliuzwa kwa mabwana wa Württemberg mwaka 1324 na ukabaki mikononi mwao hadi Mapinduzi ya Ufaransa. Walipokuwa Waprotestanti, kijiji nacho kikawa cha Kiprotestanti, huku baadhi ya jirani zake wakibaki Wakatoliki. Kuna mnara mwingine, wa wezi, wenye chumba cha mateso. Mimi huupita.

Siku ya tatu acheni mabasi kabisa. Kutoka Riquewihr hadi Hunawihr ni mwendo wa nusu saa na kidogo katikati ya mashamba, na kutoka hapo hadi Ribeauvillé kama huo huo. Hunawihr haukuzungushiwa ukuta wa kijiji wenye sifa. Walilizungushia kanisa, juu ya kilima, ukuta wenye pembe sita. Hatari ikija, watu wote walipanda huko. Tangu 1687 kanisa hilo hutumiwa na Wakatoliki na Waprotestanti kwa zamu, na mpaka leo wanaachiana nafasi. Ribeauvillé kuna mengi, na maduka ni mengi zaidi. Kuleni chakula cha mchana hapo.

Kisha, kama saa zinaruhusu, chukueni teksi hadi Bergheim. Nimekiweka mwisho kwa makusudi. Ukuta wake umebaki karibu wote, na mnaweza kuuzunguka kwa nje, kilomita mbili hivi, handaki la zamani sasa likiwa bustani za mboga za watu. Bergheim ulikuwa na haki ya hifadhi: mwenye deni, au aliyeua bila kukusudia, akishalivuka lango hakushikwa. Kijiji hicho hicho, kati ya 1582 na 1683, kiliwahukumu kifo wanawake wapatao arobaini kwa tuhuma za uchawi. Kuna nyumba ndogo ya makumbusho inayoeleza habari zao. Ukuta mmoja, huyu ukampa uhai, yule ukamfungia.

Sasa shamba na meza. Mkulima wa huku huvuna mara moja tu kwa mwaka, si mara mbili kama ninyi Dodoma, kwa hiyo Septemba na Oktoba hana muda wa maneno. Pigeni simu siku mbili kabla kuomba kuonja au kuzungushwa shambani, na msifike kati ya saa sita na saa nane mchana. Ukiingia popote, sema “bonjour” kwanza, kabla ya swali. Hiyo ndiyo hodi ya huku. Asiyeipiga hujibiwa vibaya, kisha analalamika kwamba Wafaransa wana kiburi. Kuonja aina chache mara nyingi ni bure, lakini ni adabu kuondoka na chupa moja. Kutema kwenye ndoo si utovu wa heshima, wataalamu wote hutema. Anzeni na Riesling kavu, yaani isiyo tamu, mmalize na Gewurztraminer, yenye harufu ya waridi na lichi. Ukigeuza, hutaisikia Riesling kabisa.

Shambani tazama vitu viwili. Kwanza udongo: kilima cha Brand juu ya Turckheim ni matale, Schoenenbourg juu ya Riquewihr ni mfinyanzi wenye chokaa na jasi, na zabibu ni ile ile ya Riesling. Muulize mkulima tofauti, atasahau kwamba ana haraka. Pili, zabibu za kremanti, mvinyo wa povu wa hapa, huvunwa mapema na ni lazima zichumwe kwa mkono. Usichume hata punje moja bila ruhusa, na mkikuta kibao cha kufunga njia wakati wa mavuno, geuzeni.

Mume wako atapata juisi ya zabibu ya shambani, nzuri sana. Aulize “jus de raisin”. Lakini mtahadharishe na kitu kimoja. Vuli kunauzwa kinywaji kizito, kitamu, rangi ya ukungu, kiitwacho kwa Kialsace “neier siasser”. Kinafanana na juisi na huletwa pamoja na kokwa za jozi. Si juisi. Ni kama togwa iliyoanza kuchachuka na bado inaendelea. Nimeona mgeni asiyekunywa akimaliza gilasi mbili kabla mtu hajamwambia. Na kama ni kwa ajili ya dini, ile mikate myembamba ya krimu na vitunguu, flammekueche, kwa kawaida ina vipande vya nguruwe. Mwombeni mhudumu ya uyoga, “sans lardons”. Keki ya kougelhopf nayo huweza kuwa na zabibu kavu zilizolowekwa kwenye pombe.

Hilo la pingili, dada, nakukatalia. Ufaransa iliteketezewa mizabibu yake karne ya 19 na kijidudu kiitwacho filoksera, kilichofika kutoka Marekani pamoja na miche ya watu wenye nia njema kama wewe. Kinaishi mizizini, na hadi leo karibu mizabibu yote ya huku imepandikizwa juu ya shina la Kimarekani kwa sababu hiyo. Pingili moja ndani ya sanduku, isiyo na cheti cha afya ya mimea kutoka huku wala kibali kutoka mamlaka ya afya ya mimea ya nyumbani, inaweza kupeleka Hombolo ugonjwa ambao jirani zako hawajawahi kuusikia. Kama unataka aina mpya, pitia kituo cha utafiti wa zabibu cha Makutupora, uwaambie unachotafuta. Huku chukua picha: waya wa kwanza uko urefu gani kutoka ardhini, matawi mangapi yameachwa baada ya kupogoa, nyasi zimeachwa mstari upi na kulimwa mstari upi. Beba futi ya fundi. Wakulima wa hapa hucheka wakiiona, kisha hukushikia upande wa pili.